Shoga yangu na kamera ya megapikseli 61: tulivyopima kabla hajakopa

Shoga yangu anapiga picha za harusi hapa Mombasa, sanasana za upande wa wanawake. Usiku wa hina, kupamba (ile sherehe ya kumuonyesha bi harusi aliyepambwa), mambo ya ndani yale ambayo simu zinaachwa mlangoni na kamera inayoingia ni yake peke yake. Mimi kazi yangu ni albamu. Ananiletea faili, nazichambua, nazisafisha, nazipanga kurasa, naprinti, najalidi, mwaka wa saba huu, kwa hivyo kamera yake naijua kwa kila inachotoa na kisa hiki nilikuwa ndani yake toka mwanzo.

Mwezi wa pili alikuja kwangu baada ya isha, hata buibui hajavua, akanambia shoga mimi nataka kuhama. Ana Nikon D750, kamera iliyotoka 2014, megapikseli 24, yani picha moja inaundwa na vidoa (pikseli) milioni 24. Anakotaka kuhamia ni Sony A7R IV, ya 2019, megapikseli 61. Zamu yake ya chama ilikuwa imefika, shilingi 150,000 mkononi, na iliyobaki alikuwa ashazungumza na watu wa sacco.

Nikamuuliza kwani hii uliyonayo imekukosea nini. Akakaa kimya kidogo alafu akasema. Kwenye kupamba moja Kizingo dadake bi harusi alimfuata pale jukwaani mbele ya watu akamuuliza, "Dada, hiyo kamera yako ina megapikseli ngapi?" Akamjibu 24. Yule akasema, "Mie simu yangu ina 108." Basi. Hakuongeza neno, akaenda zake kukaa.

"Shoga, nilihisi kama nimevuliwa nguo," aliniambia.

Nilimuelewa sana, manake mtu anayefanya kazi usiku mpaka saa nane hapaswi kuulizwa hivyo mbele ya wateja. Lakini ile namba ya simu inadanganya watu na lazima isemwe. Simu ya 108, kama zile za Samsung zilizoanza na S20 Ultra 2020, ukipiga picha kawaida inajumlisha pikseli tisa tisa kuwa moja na unayoipata mkononi ni ya megapikseli 12. Inafanya hivyo kwa sababu sensa yenyewe, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo kama ukucha, kila pikseli peke yake inapata mwanga haba. Sensa ya D750 ni milimita 36 kwa 24, sawa na filamu ya zamani. Hapo hakuna mashindano, na hio 108 isingekuwa sababu ya mtu kukopa hata shilingi moja.

Hata hivyo swali lake la ndani lilikuwa la haki. Je 61 itafanya kazi yake iwe bora, na wateja waione? Tukakubaliana tusibishane, tupime.

Kwanza pesa, manake alikuwa ameandika bei ya bodi tu, yani kamera bila lenzi, kwenye karatasi. Bodi ya mtumba aliyotajiwa ni 230,000. Lenzi zake za Nikon hazikai kwenye Sony bila adapta, na kwa adapta fokasi inakuwa ya shida kwenye kazi ya haraka, kwa hivyo lenzi mbili za kuanzia, hesabu 190,000 nyingine. Jumla 420,000. Kupamba moja analipwa 35,000, akishatoa msaidizi, tuktuk ya kurudi usiku na albamu yangu anabaki na 18,000 hivi. Ukigawanya ni harusi 23, na yeye kwa mwaka anapata kama 20, nyingi zimejazana Shaaban kabla ya mfungo, alafu mfungo mosi, ule mwezi wa baada ya Ramadhani, alafu likizo za Agosti na Disemba. Yani mwaka mzima na zaidi anafanyia kazi kamera, hajala, hajalipa kodi, na riba ya sacco bado sijaihesabu. Nikamwambia pigia maharusi wako wa zamani uwaulize walipenda nini na nini kiliwaudhi. Alipiga wanne. Mmoja alilalamika albamu ilichelewa (hilo ni langu, nililikubali). Mmoja alisema picha za kuingia ukumbini zilikuwa na ukungu ukungu. Wawili walitaka kurasa ziongezwe. Wa kumuuliza kuhusu kamera hakupatikana hata mmoja.

Hio ya ukungu ukungu iweke akilini, tutairudia.

Alafu tukakodi. Kuna kijana Nyali anakodisha hio Sony na lenzi ya milimita 85, kwa shilingi 6,000 kwa siku, tukaichukua siku mbili, Ijumaa na Jumamosi, manake Jumamosi shoga yangu alikuwa na kupamba Tudor. Ijumaa tulimkalisha binamu yake sebuleni mkono umechorwa hina na piko, mbichi kabisa wa siku hio, kamera kwenye stendi, flashi moja ubavuni, tukapiga mkono ule ule kwa Nikon na kwa Sony, upana ule ule.

Sasa hapa nataka kusema nilichoona kwa macho yangu. Kwenye kompyuta nikavuta mpaka pikseli zenyewe. Kwenye Nikon lile ua la katikati ya kiganja liko wazi, majani yako wazi, ila zile ncha za miiba nyembamba kuelekea kwenye vidole zinakutana zinakuwa mstari mmoja mzito. Kwenye Sony kila ncha iko peke yake. Unaona hata mahali mchoraji mkono ulimcheza akarudia, na punje ya hina kavu imeganda pembeni ya mfupa wa kidole, na nywele laini za kifundo cha mkono. Nilikaa nikaitazama muda mrefu. Ni nzuri, mashaallah, siwezi kukataa, na mtu akisema megapikseli ni uongo wa biashara tu huyo hajawahi kuangalia.

Ila ile ni kompyuta. Kazi yetu inaishia kwenye karatasi.

Nikaprinti. Albamu yangu kubwa ni inchi 12 kwa 12, ukurasa mmoja kwa nukta 300 kila inchi unataka pikseli 3,600 kwa 3,600, yani megapikseli 13. Ukifungua kurasa mbili kwa picha moja, inchi 24, D750 yenye pikseli 6,016 kwa upande mrefu inatoa nukta 250 kila inchi. Inatosha kabisa. Nikaprinti na kanvasi za inchi 24 kwa 36, ndo zile wanazotundika chumbani juu ya kitanda, hapo Nikon inatoa nukta 167 na Sony yenye pikseli 9,504 inatoa 264. Nyuma nikaandika kwa penseli ipi ni ipi. Tukazitandaza mkekani kwa mamake, tukawaita na majirani wawili, wote wakubwa wenye macho ya kuchagua dhahabu. Za albamu walizishika, wakazigeuza kwenye mwanga wa dirisha, wakakisia, na makisio yao yalikuwa bahati nasibu. Za kanvasi tulizisimamisha ukutani wakaziangalia kutoka mlangoni, hawakujua. Mamake ndo aliyeinuka akasogea mpaka pua inakaribia kugusa, akaweka kidole palepale kwenye ncha za miiba, akasema, "Hii. Hii mchoro umekaa kama wenyewe." Alikuwa sawa, ilikuwa ya Sony.

Sababu yake ni jicho. Jicho zima la binadamu linatenganisha vitu viwili kwa pembe ya kama dakika moja (si ya saa, ni sehemu moja ya 60 ya digrii), ambayo ukikaa mita moja na picha ni kama nukta 87 kila inchi. Kanvasi juu ya kitanda nani anaiangalia chini ya mita moja? Zote mbili zishapita hapo. Na kitu kingine ambacho watu wanakosea, 61 dhidi ya 24 inasikika kama mara mbili na nusu lakini hizo ni pikseli za eneo zima, ukipima kwa urefu picha imekua mara 1.58 tu. Kwa skrini ndo usiseme, televisheni ya 4K ni megapikseli 8, na picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa chini ya hapo.

Kidogo tu kuhusu tundu la lenzi manake lilitupotezea saa nzima. Kwa mkono wa karibu hivyo ukitaka vidole vyote viwe wazi unabana tundu, tukafika f/16 (namba ya f ikipanda tundu linakuwa dogo), na picha ya Sony ikalainika mpaka ikakaribia ya Nikon. Mwanga ukipita tundu dogo unatawanyika, na pikseli za Sony zina upana wa kama mikroni 3.8 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) wakati za D750 ni karibu 6, kwa hivyo Sony inaumia mapema. Kwa f/5.6 ilirudi kuwa kali lakini dole gumba likapotea. Faida unaipata ukitimiza masharti yake tu.

Jumamosi ikaja, Tudor. Hapa ndo kisa chenyewe kilipo.

Ukumbi ulikuwa na giza la makusudi, taa za zambarau, jukwaa limefunikwa vitambaa vyekundu toka juu hadi chini. Flashi ya kugonga dari haifanyi kazi hapo, dari liko mbali na kitambaa chekundu kinamrudishia bi harusi wekundu usoni. Kwa hivyo shoga yangu anapiga anavyopiga siku zote, bila flashi, lenzi yake f/4, ISO 3200 (yani wepesi wa kamera kwa mwanga umepandishwa), shata inafunguka 1/60 ya sekunde, mkono mtupu, na bi harusi anatembea. Usiku ule alibadilishana, Nikon nusu, Sony nusu, na Sony nayo tuliibana f/4 vilevile ili tulinganishe bodi na bodi.

Jumapili nikafungua picha 40 za Sony za kuingia ukumbini. Zilizokuwa kali kwenye pikseli zenyewe ni 9. Nyingine zote kope zimekuwa mbili, shanga za gauni zimekuwa vijistari, ile shela imekuwa moshi. Nikazipunguza ziwe saizi ya Nikon, nikaziweka pembeni ya za Nikon, zikawa sawa. Sawa sawa! Ule ukungu ukungu aliousema yule bi harusi kwenye simu ndo huu, haukutoka kwenye sensa, ni mkono na shata ya polepole na mtu anayetembea, na pikseli zikiwa ndogo mtikisiko ule ule unavuka pikseli nyingi zaidi, kwa hivyo kamera ya 61 inauonyesha zaidi ukiikuza. Nilimwita aje aone mwenyewe. Alizipitia zote 40 polepole, hakusema kitu, alafu akasema, "Kwa hivyo ningelipa laki nne nione vizuri vile sijashika vizuri."

Sikumjibu, nilimmiminia kahawa. Hakuwa anashika vibaya, hakuna binadamu anayeshika 1/60 kwa mtu anayetembea. Tatizo ni mwanga. Na dawa yake inajulikana. Lenzi ya 85 ya f/1.8 inaingiza mwanga kama mara tano ya f/4, hapo shata inapanda kutoka 1/60 mpaka 1/250 na bado unabaki na chenji. Au flashi mbili kwenye stendi pembe mbili za jukwaa, zinawashwa kwa redio, hazigusi dari wala kitambaa.

Kuna jambo lingine linaniuma kwa upande wangu wa kazi. Bi harusi wa siku hizi akija kuangalia picha kabla sijaprinti, cha kwanza anachosema ni dada nilainishie uso. Poda imekaa kwenye vinyweleo, fondesheni imepasuka pembeni ya pua, anataka viondoke. Picha za Sony zile kali 9 zilinichukua karibu mara mbili ya muda kwa kila uso, manake kila kitu kinaonekana na kila kitu kinataka kufutwa. Yani analipia undani, alafu mimi nalipwa kuufuta. Na ile shela ya neti, picha mbili zilinitokea na mistari ya rangi kama mafuta yanavyoelea juu ya maji pale Kilindini, hio inatokea nyuzi za neti zikigongana na mpangilio wa pikseli, na Sony hii haina ile kichujio cha kulainisha ambayo D750 inayo. Kuiondoa kwenye shela bila kuharibu rangi ya ngozi iliyo nyuma yake ni kazi ya sindano.

Faili zenyewe. Kupamba moja ni picha 1,800. RAW (faili ghafi ya kamera) ya D750 ni kama megabaiti 28, jumla gigabaiti 50. Sony ikibanwa ni kama 61, jumla 110, na isipobanwa ni karibu 122 kila moja, jumla 220. Kwa harusi 20 unatoka terabaiti moja unaenda mbili na nukta mpaka zaidi ya nne, na kila kitu anakiweka mara mbili. Kwa mwenzangu na mimi kuna zaidi ya bei ya diski hapo. Picha hizi ni za wanawake bila buibui, aliapa kwa kila familia hazitapanda mtandaoni, hata hifadhi ya mawingu hataki kuisikia, kwa hivyo ni diski mbili za mkononi, moja kwake na moja kwa mamake kwenye sanduku lenye kufuli. Zikiongezeka diski zinaongezeka vitu vya kulinda.

Kuna upande ambao Sony ingestahili na nilimwambia. Kuna fundi wa milango ya kuchonga Mji wa Kale alimuomba ampigie milango ya Ndia Kuu na vichochoro vya nyuma ya Fort Jesus, anataka kuiprinti kwa saizi yake halisi, aitumie kufundishia wanagenzi wake. Mlango wa mita mbili ukiprintiwa wote, Nikon inatoa nukta 76 kila inchi na Sony 121, na mwanagenzi ataukaribia mpaka nusu mita aone patasi ilipita wapi kwenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango. Hapo pikseli zinaliwa kweli. Hio Sony hata ina njia ya kupiga picha 16 ikisogeza sensa kidogo kidogo alafu kompyuta inaziunganisha kuwa ya megapikseli 240. Lakini inataka kitu kisitikisike kabisa, na kwenye kichochoro kile boda inapita, mkokoteni unapita, mtoto anauegemea mlango. Na kichochoro ni chembamba huwezi kurudi nyuma ukaupata mlango mzima bila lenzi pana inayoupinda. Kwa hivyo hata ukiwa na Sony ungeupiga vipande vipande, na ukishaupiga vipande sita ukaviunganisha, D750 inakupa zaidi ya kutosha. Tulijaribu kwenye mlango mmoja asubuhi mapema kabla jua halijaingia, vipande sita, nikaviunganisha nyumbani. Misumari ya shaba ilitoka na kutu yake.

Hapo nikawa nimemaliza, kichwani mwangu jibu ni hapana. Yeye ndo akaleta kitu nilichokisahau. Akanionyesha hesabu ya shata ya D750 yake, yani imeshabofya mara ngapi, 168,000. Nikon waliipima shata hio kwa mibofyo 150,000. Haimaanishi itakufa kesho, lakini inaweza kufa katikati ya kupamba, na hakuna mpiga picha mwanamume anayeweza kuingia mle na kamera yake kumsaidia. "Bodi nahitaji tu shoga. Si ya kujionyesha. Nahitaji." Alikuwa na haki kabisa, na nilijilaumu kwamba siku zote tunazungumza pikseli na hili sikuliuliza.

Kwa hivyo alifanya hivi. Sacco hakwenda. Kwenye zile 150,000 za chama alinunua lenzi ya 85 f/1.8 ya mtumba 32,000, flashi mbili na redio na stendi 27,000, diski mbili 28,000. Zilizobaki 63,000 akazifungia. Mimi nilitaka anunue D750 nyingine ya mtumba hapo hapo. Akakataa, akasubiri mfungo mosi upite, akaongeza 52,000 akachukua D850 iliyotumika kidogo, ya 2017, megapikseli 45.7. Lenzi zake zote zinakaa. Fokasi yake inashika mpaka kwenye giza la EV hasi 4 (EV ni kipimo cha mwanga, ikishuka giza linazidi) wakati D750 inaishia hasi 3, na kwa ukumbi wa taa za zambarau hio ndo iliyomvuta, na inakubali kupiga RAW ya saizi ya kati ya megapikseli 25 ambayo ndo anayotumia kwa kupamba. Ile 45 kamili anaiwasha siku ya hina, kwa picha ya viganja, na kwa milango.

Wiki iliyopita ameniletea harusi ya kwanza aliyopiga na vifaa vyote hivyo, Bamburi. Za kuingia ukumbini nilifungua 40 kama kawaida. Kali zilikuwa 31. Mama wa bi harusi amechagua moja iende kanvasi, binti anashuka ngazi shela imeinuka kidogo na upepo wa feni, na kesho asubuhi naipeleka kuprinti.